Mayai Mia na Kumi

Fuso ilitumwagia mchanga wa Mto Karanga
nyuma ya darasa, kando ya migomba,
mweusi, mzito, jivu la mlima bado limo,
si ule mweupe wa kwenye picha.
Nikasema utatosha.
Vipira vya mezani mia na kumi
nilivinunua karibu na Mnara wa Saa.
Mwenye duka akauliza, timu ngapi hizi?
Nikamjibu: mama mmoja.

Somo la wiki: kufukua kiota cha kasa
bila kupasua yai.
Wanafunzi kumi na wanne, miguu peku,
wengi wao chumvi wanaijua ya sufuriani tu.
Ndekirwa anachokoa kwa kidole,
kama atafutaye ufunguo
mfukoni mwa mtu aliyelala.
Eliringia na futi kamba: sentimita hamsini na tano.
Kipimajoto: nyuzi ishirini na moja.
"Mchanga ukipoa, madume," nasema.
"Ukipata moto, majike.
Kwa Aprili hii ya Moshi, hatoki mtu."

Ndipo Somoe, wa Jibondo,
ambaye tangu Januari hajafungua kinywa darasani:
"Samahani mwalimu. Hilo shimo lako ni la choo."

Wakacheka. Yeye hakucheka.
Akakaza kanga, akalala kifudifudi,
akaanza kuchimba kwa nyayo.
Wa kulia unachota, wa kushoto unangoja.
Wa kushoto unachota.
Polepole, bila kutazama nyuma,
hadi chini kukawa na chumba, juu shingo,
mtungi uliofinyangwa gizani.
"Haoni anachochimba," akasema. "Anakijua."
Kisha, uso ungali mchangani:
"Baba alikuwa akimpindua chali.
Sisi watoto tunakaa juu ya tumbo lake, tunangoja kisu.
Nilikuwa nahesabu anavyopiga mapezi.
Nyama yake tamu."

Kalamu zote zilisimama.
Hilo hakuna aliyeliandika.

Tukajaza mtungi vipira, tukafukia,
tukachomeka kibao: Kiota Na. 1.

Usiku mvua ikashuka kutoka Kibosho
kama inayodai deni.
Mfereji ukapasua ukingo.
Asubuhi shimo ni bapa, kibao kimelala,
na chini kule, kwenye mashina ya kahawa,
cheupe kimoja, cheupe kingine,
kimoja bata anakigombeza.

Kabla ya kengele wakaja watoto wa shule ya msingi,
masweta yamevimba,
wengine wamejaza makopo ya uji.
"Mwalimu, mayai yako haya."
Aikande wa darasa la tatu
chake amekiviringisha kwa jani la mgomba:
"Hili bado lina joto."
Nikalipokea kwa mikono miwili. Ningefanyaje?

Tulihesabu mara tatu. Mia na tatu.
Kwa kasa huo ni muujiza,
wanafunzi wakapiga makofi,
na mimi nilipiga, hadi mikono ikaniishia nguvu.

Saba.
Ramani ninaifundisha mwenyewe, naijua:
mfereji huingia Karanga, Karanga Weruweru,
Weruweru Kikuletwa, kisha Nyumba ya Mungu,
na kama bwawa halikukizuia,
Pangani, na mbele ya Pangani hakuna tena ukingo.
Plastiki. Cheupe, chepesi, hakiozi.
Huko kuna mdomo usiotofautisha
kipira na yavuyavu.

Safu ya mwisho ya fomu inauliza:
Waliofika baharini.
Nikaandika 7.
Nikafuta, karatasi ikatoboka.

Nikachukua ndoo, nikashuka na mfereji.
Somoe alikuwa ametangulia,
maji magotini, baridi ya theluji,
anapapasa chini ya mizizi
bila kutazama.